Mtihani wa Serikali katikati ya Korona: ni nini kinachowasubiri watoto wa Kasongo na Kabambare



Siku chache zijazo wafinalisti wa sekondari wa Kasongo na Kabambare wataingia katika vituo vya Mtihani wa Serikali, ule ambao wote tunauita Exetat. Kwa desturi wangekuwa wameumaliza tangu mwezi wa sita. Mwaka huu wa 2020 wanauanza mwisho wa mwezi wa nane, baada ya karibu miezi mitano bila shule na wiki tatu hivi tu za kurudi darasani. Tangu milango ya makanisa ilipofunguliwa tena tarehe 15, swali tunaloulizwa baada ya ibada ni moja, ingawa linakuja kwa sura mbili. Wazazi wengine wanasema: mnawezaje kukubali watoto wakusanywe wakati ugonjwa haujaisha? Wengine, na hao ni wengi zaidi, wanasema: mtoto wangu amekwisha kupoteza miezi mitano, asipofanya mtihani sasa nitapata wapi pesa ya kumlipia mwaka mwingine?

Sisi wachungaji tuliokaa na swali hili tunaona kwamba mtihani ufanyike. Lakini tunasema hivyo kwa masharti. Na tunaona pia kwamba hatari kubwa ya wiki ile haipo mahali ambapo watu wengi wanaitafuta.

Tukumbuke kwanza tulivyofika hapa. Tarehe 10 Machi mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa. Tarehe 18 Machi Rais Félix Tshisekedi alifunga shule na vyuo, akasimamisha ibada na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura na kuitenga Kinshasa na mikoa mingine. Hali hiyo iliongezwa mara baada ya mara, mpaka tarehe 21 Julai alipotangaza mwisho wake na kuifungua nchi kwa awamu: biashara na usafiri kwanza, shule mwanzoni mwa Agosti, kisha makanisa, misikiti, viwanja vya ndege na mipaka katikati ya mwezi. Shule zenyewe hazikufunguliwa kwa wote. Walioitwa ni madarasa ya mwisho: wa sita ya msingi kwa ajili ya ENAFEP, wa darasa la nane kwa ajili ya TENASOSP, na wafinalisti wa sekondari. Wadogo zao bado wako mashambani na mama zao.

Kinshasa walisema masomo yaendelee nyumbani kwa redio na televisheni. Radio Okapi ilitangaza masomo, na tunaishukuru. Mwenye redio, mwenye betri, na mwenye mzazi aliyekubali asiende shambani saa ile, alisikia kitu. Lakini kemia haisikilizwi tu, inaandikwa ubaoni, inafutwa, inaandikwa tena. Mtoto wa Wamaza anayekaa mbali na nguzo yoyote ya umeme hakuwa na mwalimu wa kumwambia kwamba amekosea hesabu katika mstari wa tatu. Karibu theluthi ya mwaka wa shule ilikwenda hivyo.

Na mtihani huu si mtihani mdogo. Tangu mwaka 1967 ndio unaotoa diploma ya serikali kwa nchi nzima. Bila diploma hiyo hakuna chuo kikuu, hakuna ISP, hakuna nafasi ya mwalimu D6 katika shule yetu wenyewe ya kijijini. Anayepata asilimia 50 amevuka, lakini kila mzazi anajua kwamba mwenye 50 na mwenye 70 hawasimami kwenye mstari mmoja wanapotafuta chuo au msaada wa masomo. Ni mashindano, hata kama karatasi haisemi neno hilo. Na katika familia nyingi za hapa anayefanya mtihani si mtoto peke yake. Mbuzi aliyeuzwa mwezi wa tisa mwaka jana, mpunga uliouzwa kabla ya bei kupanda, deni kwa mjomba aliyeko Kindu, vyote vimeingia katika namba moja ya mtahiniwa.

Serikali yetu haikuwa peke yake katika swali hili. Ni vizuri tuangalie majirani walivyofanya, kwa sababu kuna watu wanaosema hapa kwamba dunia nzima imefuta mitihani, na kuna wengine wanaosema dunia nzima imeendelea. Wote wawili hawasemi kweli.

Kenya walisimamisha. Tarehe 7 Julai waziri wao wa elimu, George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa shule wa 2020 umepotea na kwamba mitihani ya KCPE na KCSE haitafanyika mwaka huu. Tanzania walifanya kinyume: wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na mwisho wa mwezi huohuo wakaanza mtihani wao. China walichelewesha mtihani wao mkubwa wa kuingia chuo kwa mwezi mmoja, kisha mwezi wa saba wakawakalisha watahiniwa zaidi ya milioni kumi. India, wakati tunapoandika, wanabishana vikali: wanafunzi walikwenda mpaka Mahakama Kuu ya nchi kuomba mitihani ya kuingia vyuo vya uhandisi na udaktari iahirishwe, na tarehe 17 Agosti mahakama ikawakatalia. Watahiniwa zaidi ya milioni mbili wa kule wanajiandaa kwa Septemba kama wa kwetu wanavyojiandaa sasa.

Ufaransa walifuta mtihani wa baccalauréat na kutumia alama za mwaka za shuleni. Hapo ndipo ndugu wengi wanatuuliza: kwa nini sisi, tuliorithi shule yetu kutoka kwa Wabelgiji na Wafaransa, tusifanye vilevile? Mwalimu si anamjua mwanafunzi wake?

Jibu letu tunalichukua Uingereza. Wao pia walifuta mtihani. Wakawaambia walimu wakadirie alama za kila mwanafunzi, kisha wakaziingiza alama hizo katika hesabu ya kompyuta iliyoangalia pia namna shule ile ilivyofanya miaka iliyopita. Matokeo yalipotoka tarehe 13 Agosti, karibu wanafunzi 4 kati ya 10 waliona alama zao zimeshushwa chini ya makadirio ya walimu wao. Mtoto mwerevu katika shule maskini, ambayo haikuwahi kupata alama kubwa, alivutwa chini na historia ya wenzake waliomtangulia. Wanafunzi waliandamana, na siku nne baadaye serikali ikairudisha nyuma hesabu ile.

Sasa tuweke jambo hilo Kabambare. Kama Kinshasa ingeamua alama kwa kuangalia sifa ya shule, ni shule gani ya Salamabila ingesimama mbele ya shule kubwa za mji mkuu? Na kama ingetegemea alama za shuleni tu, sote tunajua jinsi alama hizo zinavyoweza kununuliwa na mwenye pesa na kukatwa kwa asiyelipa prime. Mtihani wa Serikali una ubaya wake mwingi, na tutausema. Lakini ndiyo siku ambapo msichana wa kijiji kando ya mto Luama anapewa maswali yaleyale anayopewa mtoto wa Gombe, na karatasi yake inasahihishwa na watu wasiojua baba yake ni nani. Kwa maskini mtihani ni mzigo, lakini pia ni ngao. Ukimwondolea mzigo kwa kumnyang'anya ngao, hujamsaidia.

Kwa hiyo hatusemi ufutwe. Tunachoomba kwa Leta ni mambo ya haki ya kawaida. Maswali yapimwe kwa yale yaliyofundishwa mpaka katikati ya mwezi wa tatu na kurudiwa katika wiki hizi tatu, si kwa programu nzima kana kwamba hakuna kilichotokea. Atakayekutwa na homa asubuhi ya mtihani, akazuiwa mlangoni, asihesabiwe kuwa ameanguka. Apewe nafasi nyingine bila kulipa mara ya pili. Hili la mwisho si dogo. Mzazi akijua kwamba homa ya mtoto maana yake ni kupoteza mwaka na pesa, atampa kidonge cha kushusha joto usiku, na kipimo cha joto cha asubuhi hakitasema kitu. Sheria inayomwadhibu mgonjwa inawafundisha watu kuficha ugonjwa. Tuliyaona hayo kwa Ebola.

Katika shule ya teolojia tulisoma kitabu cha Walawi kwa uvivu, wengi wetu. Sura ya 13 na ya 14 zilionekana kama mambo ya ngozi na nguo zenye ukungu tu. Mwaka huu tumezirudia kwa macho mengine. Sura ya 13 inaeleza namna kuhani anavyomchunguza mgonjwa na kumtenga kwa siku saba, kisha kumwangalia tena. Watu wengi wanaishia hapo. Lakini sura ya 14, ndefu vilevile, inaeleza namna mtu yule anavyorudishwa: kuhani anatoka kambini kumwendea yeye, kuna siku zilizohesabiwa, kuna maji, na kuna sadaka. Na kwa maskini asiyeweza kununua wana-kondoo waliotajwa, sheria inapunguza: kondoo mmoja na ndege wawili vinatosha. Kutenga kulikuwa na utaratibu, na kurudi kulikuwa na utaratibu, na bei ya kurudi ilipunguzwa kwa asiye na kitu. Mwezi wa tatu nchi yetu iliandika sura ya 13 kwa haraka na kwa ukali. Mtihani huu ni sehemu ya sura ya 14.

Tuingie sasa katika wiki yenyewe.

Watu wanaogopa chumba cha mtihani. Sisi tunaona kwamba chumba hicho, kikiandaliwa vizuri, ndicho mahali salama kuliko pote katika wiki ile. Fikirini: hata kabla ya Korona, wasimamizi waliwatenganisha watahiniwa ili wasinakili, hawazungumzi, hawapeani kalamu, madirisha yako wazi, kila mmoja anaangalia karatasi yake. Ongeza barakoa, maji na sabuni mlangoni, na umepata karibu yote yanayoombwa na waganga. Shida ni mlangoni saa moja asubuhi, majina yanaposomwa na watoto mia mbili wanasukumana ili wasikie. Prefe mmoja alituambia atawapanga kwa kamba uwanjani tangu saa kumi na mbili, shule kwa shule, na orodha atazibandika siku moja kabla kwenye miti mbalimbali badala ya ubao mmoja. Hiyo ni akili. Haigharimu hata franka moja.

Hatari tunayoiogopa ni usiku. Vituo si vingi, na shule nyingi za ndani ya Kabambare na za pembeni mwa Kasongo zinatuma watoto wao mbali. Wanakuja kwa miguu, kwa baiskeli, watatu watatu kwenye pikipiki moja, na mkeka, sufuria na mfuko wa unga wa bugali. Wanalala kwa shangazi, kwa jamaa wa kabila, kwa mtu aliyewahi kukaa kijijini kwao. Chumba kimoja, watoto kumi na wawili, mlango umefungwa kwa sababu ya wezi, kikombe kimoja cha maji, sahani moja kwa mikono yote. Siku nne hivi. Kisha wanarudi, kila mmoja katika kijiji chake, kwa bibi yake. Kama Korona itatafuta njia ya kuingia vijijini, itaipata katika vyumba hivi kabla ya kuipata chini ya macho ya msimamizi.

Hapa ndipo makutaniko yanaweza kufanya kitu bila kungoja Kinshasa. Tangu mkataba wa mwaka 1977 makanisa yanaendesha shule pamoja na serikali, na shule za ECP ni sehemu kubwa ya shule za eneo hili. Kwa hiyo jambo hili si la jirani. Tunawaomba wazee wa makutaniko ya Kasongo mjini, na ya kila mahali penye kituo, wafungue makanisa usiku wa mtihani. Kanisa lina paa refu, lina madirisha bila vioo, hewa inapita. Mabenchi yasukumwe ukutani, mikeka iwekwe mbali kwa urefu wa mtu mmoja aliyelala. Kila mtoto aje na kikombe chake na sahani yake. Wasichana wawe katika jengo lao, na kina mama wa kutaniko walale nao pamoja, wakiwa na taa. Hatutaki kusikia kwamba mlinzi wa wasichana ni kijana wa kwaya. Taa ya jua ya mhubiri, ile inayowaka kwenye mimbari, iwekwe katikati ili wasome mpaka saa tatu, kisha izimwe walale. Mtoto asiyelala hashindi mtihani, hata akiombewa.

Wala tusifungue kwa wetu tu. Kasongo ni mji wa Waislamu tangu zamani, na shule zao za mkataba zina wafinalisti wanaokuja kutoka mbali kama wa kwetu. Misikiti ilifungwa siku ileile makanisa yalipofungwa, na kufunguliwa siku ileile. Kama kutaniko fulani lina nafasi na msikiti wa jirani umejaa, mzee wa kanisa avuke barabara aende kuzungumza na imamu. Wamekwisha kukaa pamoja katika kikao cha Korona, watajuana.

Kwa wale wa Kabambare kuna hatari nyingine ambayo hatuwezi kuinyamazia. Kwenye njia za kule, hasa upande wa Salamabila, wenye silaha wanapita na wanatoza. Kipimo cha joto si kitu cha kwanza ambacho mama wa kule anakiwazia anapomwaga mtoto wake. Tunawasihi wazazi: watoto watoke kwa kundi, pamoja na mwalimu na mzee wa kijiji, siku mbili mapema, wasitembee jioni ili wawahi. Kiangazi bado kiko upande wetu, njia ni vumbi lakini zinapitika. Na wenye mamlaka walioahidi ulinzi wa mitihani wakumbuke kwamba mtihani unaanza kijijini, siku mtoto anapofunga mkeka wake. Bendera na askari wawili kwenye lango la kituo havitoshi.

Kuna pia wale ambao hawatakuwa kwenye orodha. Jambo hili ndilo lililotuumiza zaidi katika wiki hizi tatu. Madarasa yaliporudi, majina yaliitwa na baadhi yake hayakuitikiwa. Wavulana wengine wako kwenye mashimo ya dhahabu. Mwanzoni mwa mwezi huu bei ya dhahabu duniani ilipita dola 2,000 kwa aunsi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mchimbaji mdogo wa Namoya haoni hata nusu ya bei hiyo kwa mnunuzi wa kando ya shimo, lakini anaona zaidi ya alichokuwa akiona, na kijana wa miaka kumi na tisa aliyelipiwa kwa wiki moja kiasi ambacho mwalimu wake hapati kwa mwezi si rahisi kumrudisha kwenye hesabu za logarithimu. Tusimtukane. Tumfuate. Kuna mhubiri mmoja aliyekwenda mwenyewe mpaka kwenye machimbo na orodha ya majina, akarudi na watatu. Watatu ni watu.

Na kuna wasichana. Miezi mitano ni mirefu. Wengine wameolewa, wengine wana mimba, wengine wamekwisha kuzaa. Tunasikia katika baadhi ya makutaniko sauti zinazosema hao wasiende, wataaibisha shule. Tunawajibu wazi: msichana aliyelipiwa, aliyeandikwa, aliyesoma miaka sita, ana haki ya kuketi katika kituo kile hata akiwa na mimba ya miezi minane. Aliyezaa aje na mtoto wake. Mama mmoja wa kutaniko akae chini ya mwembe nje ya uzio, ambebe mtoto, na mama yake atoke kumnyonyesha baada ya karatasi ya kwanza. Nidhamu ya kanisa ina mahali pake na wakati wake, na asubuhi ya Exetat si wakati wake. Mwanaume aliyempa mimba hiyo, tumeona, hakuna mtu aliyependekeza azuiwe kufanya kazi yake.

Neno moja juu ya pesa. Walimu wa sekondari wameteseka. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi, na sekondari inaendelea kutegemea mchango wa wazazi. Shule zilipofungwa mchango ulikatika, na mwalimu asiye kwenye orodha ya mishahara ya serikali alibaki na jembe lake. Tunaelewa njaa yao. Lakini yale makusanyo ya kila mwaka ya "kuwapokea wageni", yanayopitishwa darasani wiki moja kabla ya mtihani, mwaka huu yawe haramu kabisa. Mzazi aliyekaa miezi mitano bila soko hana tena cha kuuza. Na mfinalisti anayeambiwa kwamba pesa ile itamfungulia macho msimamizi anafundishwa somo ambalo halimo katika programu yoyote. Kutaniko likitaka kuwapikia wasimamizi sombe na samaki, liwapikie hadharani, bila kumtoza mtoto.

Kuna ndugu wanaosema tumekuza Korona kupita kiasi, na kwamba magonjwa mengine yameua zaidi bila mtu kufunga shule. Hawasemi uongo. Hesabu ya Korona katika nchi yetu yote inakaribia wagonjwa elfu kumi, wengi sana wao Kinshasa, na waliokufa ni mia mbili na hamsini hivi. Wiki hii wizara ya afya imetangaza mwisho wa surua, ambayo katika miaka hii miwili imeua watu zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wadogo, na wala hatukusikia hali ya dharura. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyokwisha tarehe 25 Juni, iliua watu 2,287. Mwaka jana, katikati ya Ebola hiyo, wafinalisti wa Beni na Butembo walifanya Exetat pamoja na nchi nzima, wakinawa mikono langoni.

Sisi tunalichukua jambo hilo kwa upande mwingine. Beni na Butembo zinaonyesha kwamba mtihani unaweza kufanyika katikati ya tauni kali kuliko hii, kama watu wa mahali penyewe wakishika utaratibu. Surua inaonyesha kwamba mtoto wa kijijini anaweza kufa kwa maelfu bila kelele. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotupa ruhusa ya kudharau barakoa. Katika Kabambare nzima mwenye kukosa pumzi hatapata mashine ya kumsaidia. Bibi atakayeletewa ugonjwa na mjukuu wake mwenye diploma hatajali kwamba hesabu ya Kinshasa ilikuwa ndogo.

Jumapili hii makutaniko mengi yatawaita wafinalisti mbele ili kuwaombea. Waombewe wakiwa wamesimama mahali pao, bila mikono mia kuwekwa juu ya vichwa vyao. Waombewe pia wa ENAFEP na wa TENASOSP, maana wadogo hao wamesahauliwa na kila mtu katika habari hizi, na hata sisi tumewapa mistari miwili tu.

Kisha kutakuwa na siku ya matokeo, itakayokuja kwa simu, kwa namba zinazotumwa na kurudishwa, mtu mmoja mwenye mtandao akisomea mtaa mzima. Hapo hakuna msimamizi wala kamba uwanjani. Mnaijua desturi yetu: aliyefaulu anabebwa, anamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka shingoni, anakumbatiwa na watu asiowajua, na wimbo unazunguka mtaa mpaka usiku. Hatutawaambia msifurahi baada ya mwaka kama huu. Nunueni poda. Mama amwage ya mwanawe, baba aimbe akiwa mlangoni, na jirani apige vigelegele akiwa upande wake wa uzio.